Sumaku Isiyovuta Msumari

Prisca mwanangu,

Salamu nazipita, maana uliniamkia asubuhi na kesho utaniamkia tena kabla hatujakusindikiza stesheni. Sasa hivi umeshuka Kilakala kuwaaga wenzako. Baba yako yuko sebuleni anapima begi lako kwa mizani aliyoazima kwa muuza mchele, na kila akipima linatoka na uzito mwingine. Mimi nimekaa jikoni na karatasi hizi. Mvua imeanza kupiga mabati. Ukitoka nje mlima hauonekani, umefunikwa wote na mawingu, na kichwa changu nacho kiko hivyo hivyo.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutokwenda na mtu usiyemjua, nimeshayasema mpaka siku hizi unanimalizia sentensi. Sitayarudia. Nataka kujibu swali uliloniuliza Jumamosi kule Mgeta, maana nililijibu vibaya. Au nililijibu sawasawa ila wewe ukalichukua vibaya. Bado sina hakika ni lipi kati ya hayo.

Unakumbuka tulivyokuwa. Ukoo ulikuwa umekusanyika kukuaga, na mjomba wako Anselmi akasimama pale juu ya shamba la bibi yako, kofia mkononi. Akasema, "Prisca, mwanangu, sisi Waluguru ardhi tunapitisha kwa akina mama. Shamba hili lilikuwa la bibi, likaja kwa mama yako, na baada ya mama yako ni wewe. Sikuzuii. Nauliza tu mbele za watu, ukishakwenda huko Ujerumani, hapa atashika nani?" Watu wakaguna na kuitikia kwa vichwa. Mimi nami nikaitikia. Halafu wote wakaelekea kwenye chakula, wewe ukanishika kanga kwa nyuma, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, wewe mwenyewe unataka niende?"

Nikakwambia, "Sijui."

Ukasema, "Haya." Tangu siku hiyo sijasikia neno lingine kwako. Chai tayari, haya. Kanyooshe nguo, haya. Juzi ndiyo ukavunja ukimya, ukaniongezea uchungu. Ulisema huku unaangalia sahani yako kwamba unaweza kumwandikia yule profesa wa Ujerumani umwambie imeshindikana, nafasi apewe mwingine, wala si kitu. Baba yako akanitazama mimi. Mimi nikatazama ugali. Tiketi ipo, begi lipo, na mpaka jioni hii hakuna mtu ndani ya nyumba hii anayejua kama kesho utapanda ile treni.

Basi nisikilize. Ile "sijui" nilikuwa na maana gani, hata mimi imenichukua siku hizi zote kuitafuta.

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuitikia. Mtu akinieleza kitu, hata kama nimepotea kwenye neno la kwanza, kichwa changu kinakwenda chini na juu chenyewe. Nadhani ni heshima tuliyofundishwa, au ni woga tu umevaa nguo za heshima. Nilipokuwa msichana, bwana shamba alikuja Mgeta akatueleza dawa za kabichi. Ipi ichanganywe na maji kiasi gani, ipi isikutane na ipi. Niliitikia kuliko wote, mpaka akanisifu kwamba mimi ndiye niliyeelewa. Kesho yake nikazimimina zote kwenye bomba moja la kupulizia. Kabichi ziliungua majani kama zimepitiwa na moto, na bibi yako akazunguka shamba zima. Mwisho akaniuliza, "Sasa kwa nini hukumuuliza tena?" Nikaitikia.

Hiyo ilikuwa kabichi. Kubwa zaidi ni ya baba yako.

Sijawahi kukusimulia, naye hapendi isimuliwe. Zamani kwetu mwanaume akioa alihamia upande wa mwanamke, akalima shamba la akina mama. Wakati wetu desturi ilikuwa imelegea, wengine wanaifuata, wengine hawaifuati, lakini mimi kichwani mwangu ilikuwa bado ndiyo sheria. Baba yako alipokuja kuchumbia, wazee wake walisema tutakaa "nyumbani". Nikaitikia. Wazee wangu nao wakasema watoto watakaa "nyumbani". Baba yako akaitikia. Hakuna aliyeuliza nyumbani kwa nani. Baada ya harusi tukapanga siku ya kukutana pale yanapopakia malori ya mboga. Mimi nikafika mikono mitupu, nimekuja kumpokea yeye na mizigo yake. Yeye naye akashuka kwenye lori mikono mitupu, amekuja kunichukua mimi na yangu. Tukasimama pale kila mtu anatafuta begi la mwenzake.

Cheka tu. Sisi hatukucheka. Yeye alikuwa ameshapanga chumba mjini na kibanda cha kutengenezea redio, na mimi nilikuwa nimeshampimia eneo la kupanda njegere. Tulibishana mpaka dereva akasema anaondoka. Ndipo nikarudi nyumbani mbio kuchukua nguo zangu, na bibi yako nikamkuta anachambua maharage. Nikamwambia, mama, kumbe natakiwa kwenda mjini. Akasema, "Nenda." Papo hapo, bila hata kuinua uso. Nikaenda.

Prisca, mpaka bibi yako anazikwa sikujua kama alitaka niende. Lile "nenda" lilitoka haraka mno. Nimeligeuza kichwani miaka yote hii. Kuna siku nasikia alikuwa ananibariki, na kuna siku nasikia alikuwa amekasirika. Kuna siku naona alikuwa anaitikia tu kama mimi, maana lori lilikuwa linapiga honi na hakukuwa na nafasi ya kusema kingine. Nilipanda Mgeta kila msimu, nikalima naye, tukala pamoja, na sikumuuliza. Naye hakusema.

Kwa hiyo uliponishika kanga Jumamosi, nililiona lile "nenda" limekuja mpaka kwenye ulimi. Lingetoka vizuri tu. Ungefurahi, tungeshuka kula, na wewe ungelibeba mpaka Ujerumani ukiligeuza kama mimi. Nikalimeza. Nikasema kile kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni kwamba sijui. Nilidhani nimekupa kitu cha thamani. Kumbe wewe umesikia "usiende".

Sasa nikueleze nisichokijua, ili usidhani ni kikubwa kuliko kilivyo.

Kwanza, sijui unakwenda kufanya nini. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo. Umekuwa ukinieleza tangu uanze chuo, na mimi nimekuwa nikikuitikia. Sokoni niliwaambia unasomea umeme. Kwenye jumuiya ya kanisani niliwaambia unasomea vyuma. Mjomba wako nilimwambia unakwenda kujifunza kutengeneza simu, naye akauliza kwani simu haitengenezwi hapa stendi. Nikamwambia hizo ni za kisasa zaidi. Mungu anisamehe.

Likizo iliyopita nilikaza roho nikakwambia uanze upya, polepole. Ukanionyesha picha kwenye simu yako. Niliona kitu kimejisokota kinapanda juu, nikafurahi, nikasema hii naijua, huu ni ule mkia mwembamba ambao njegere inajishikiza nao kwenye mti. Ukasema, "Hapana mama, hiyo ni sumaku." Nikakuuliza ina urefu gani. Ukachomoa unywele mmoja kichwani mwako ukanishikisha, ukaniambia kitu chenyewe ni chembamba kuliko huo unywele mara nyingi sana, jicho halikioni kabisa. Nikaushika ule unywele huku naitikia. Ndani yangu nilikuwa najiuliza, sasa nani amekisokota, na kwa vidole gani?

Ndipo ukaniambia hakuna vidole. Kuna mashine inayofyonza hewa yote kutoka kwenye chumba kidogo, halafu inapulizwa humo gesi kidogo sana yenye madini ndani yake. Kisha mnashusha mwale wa elektroni, mwembamba kuliko ncha ya sindano yoyote. Pale mwale unapogusa, gesi inavunjika, madini yanabaki yameganda pale pale na mengine yanafyonzwa nje. Mwale ukisogezwa polepole, kitu kinapanda juu. Ukiharakishwa, kinainama, na ukizidi kuharakishwa kinakatika. Ndivyo mnavyojenga, punje juu ya punje, hewani, bila kukishika.

Nikasema, "Kwa hiyo mnapika chuma kwa mvuke." Ukafikiri kidogo, ukasema, "Mama, kumbuka ukungu wa Mgeta. Umejaa kila mahali, lakini matone yanabaki pale kwenye kope zako." Hapo nilikaribia kuelewa, kweli. Nilikuwa nimefika mlangoni. Halafu nikakumbuka ukungu haujawahi kuniachia sumaku kwenye kope, nikapotea tena.

Swali langu la mwisho lilikuwa la mtu yeyote mwenye akili zake. Nilikuuliza, hiyo sumaku inavuta nini? Ukajibu, "Haivuti kitu, mama. Hata msumari haiwezi. Sisi tunataka kujua tu ndani yake imeelekea wapi." Ukasema sumaku ya kawaida ina kichwa na mkia, lakini ukiisokota ndogo namna ile, huo mwelekeo nao unajisokota ndani, unafanya mambo ambayo kwenye sumaku bapa haufanyi, na siku moja huenda kompyuta zikatunza kumbukumbu nyingi humo kwa umeme kidogo. Nikauliza siku moja lini. Ukasema, "Labda nikiwa mzee. Labda isiwe."

Basi niliitikia, nikaenda kuosha vyombo, na nilipokuwa naosha nilikuwa na hasira. Sasa nakwambia wazi. Mtoto wangu anavuka bahari kwenda kujenga sumaku isiyovuta msumari, isiyoonekana, kwa ajili ya labda, kwenye mashine ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuigusa, ameichora tu kwenye kompyuta. Uliniambia mashine ile ni nyepesi kushtuka, kwamba mtu akipita anakanyaga kwa nguvu huko nje, kitu kinachojengwa kinapinda. Wewe! Wewe ambaye ukitoka chumbani vikombe vinagongana kabatini! Watakufukuza wiki ya kwanza.

Hicho ndicho nisichokijua cha kwanza. Cha pili ni shamba. Mjomba wako aliuliza swali la haki, na ukoo wetu ndivyo ulivyo, zamu inatoka kwa mama kwenda kwa binti, na binti niliye naye ni wewe peke yako. Nikiliangalia lile shamba naona mgongo wa bibi yako. Nikikuangalia wewe sioni jembe, naona ule mkono wako unaochora michoro hata kwenye meza ya kulia. Sijui nani mwenye haki kati ya shamba na mkono. Nimesali, na sijajibiwa.

Cha tatu ndicho kinachouma. Sijui kama ukirudi tutakuwa na cha kuongea. Tayari maneno yako yamenizidi, na bado hujaondoka. Naogopa utanipigia simu, uniulize mvua imenyesha, nikuulize umekula, basi, tuachane. Naogopa utaacha kunieleza.

Na jana niliona umeacha.

Baba yako alitaka uondoke na kitu chake. Akaitoa ile sumaku ya spika ya redio yake ya zamani, ile pete nyeusi nzito anayotumia kuokotea skrubu zikidondoka. Alisema, "Unakwenda kwenye sumaku, nenda na sumaku." Ulitabasamu, mara ya kwanza tangu Jumamosi, ukamwambia, "Baba, hii hata chumba cha mashine sitaruhusiwa kuingia nayo. Itaupindisha mwale." Akashangaa, akafurahi pia, kwamba kitu chake kina nguvu ya kusumbua mashine ya Wazungu. Akawa anakupa, wewe unapokea, ikateleza katikati ya mikono yenu. Ikagonga sakafu ya saruji, ikapasuka vipande viwili.

Tuliona wote. Baba yako akaleta gundi. Akaviweka vipande pale pale vilipoachania, ufa kwa ufa, na vikakataa. Kila akivisogeza, kimoja kinaruka pembeni. Akavibana kwa nguvu, vikamponyoka. "Shetani gani huyu," akasema, "vilikuwa kitu kimoja dakika hii hii!" Mimi nikajaribu, vikanikataa na mimi. Wewe ukafungua mdomo. Ukasema, "Mama, ni kwa sababu..." Ukanitazama usoni. Kisha ukasema, "Basi tu," ukaingia chumbani.

Prisca, katika mambo yote ya wiki hii, hilo ndilo lililonitoa machozi. Miaka yote hiyo mimi naitikia uongo, na wewe ulikuwa hujachoka kunieleza. Siku niliyosema ukweli mara moja, ukachoka.

Leo ulipotoka kuwaaga wenzako, nimevichukua vile vipande, nimekaa navyo hapa mezani. Baba yako amenipitia akasema niviache, vimekufa. Havijafa. Nimeviweka kwenye kisu, kila kimoja kinashika kisu chenyewe, kwa nguvu zake kamili, kama hakijui kwamba ni nusu. Hilo nalo sikulitegemea. Nimejaribu tena kuvirudisha vilivyokuwa, vikakataa. Nimejaribu polepole, kama ule mwale wako. Vikakataa. Halafu kimoja kimeniponyoka, kikaanguka kifudifudi, upande wa chini ukaja juu, na kabla sijakiokota kimeruka chenyewe kikamng'ang'ania mwenzake. Pah! Kimenibana ngozi ya kidole, mpaka sasa pana alama.

Nimefanya hivyo tena na tena. Vikikaa kama vilivyokuwa zamani, vinakataana. Ukigeuza kimoja, vinashikana hata kuvibandua ni kazi. Ufa unaonekana, pete haijakaa sawa, lakini vimeshikana.

Sijui kwa nini. Nimevitazama mpaka chai imepoa, na sijui.

Ila nimejua la kukujibu. Uliuliza kama nataka uende. Sitaki uende. Ningekuwa mtu wa kupewa ninachotaka, ungekaa hapa, ugonganishe vikombe kabatini, na jioni tungemenya njegere. Hilo ndilo ninalolitaka, na nimelisema ili usikae Ujerumani ukijiuliza. Na ukibaki kwa sababu hiyo, nitakuwa nimekurudisha pale pale ulipovunjikia, na wewe utanikataa. Hutasema, lakini utanikataa, na kila siku itakuwa haya, haya, haya. Kwa hiyo usimwandikie profesa. Kesho panda treni. Nalisema hili polepole, nimeinua uso, na hakuna lori linalopiga honi.

Shamba usilibebe. Mjomba wako nitamjibu mwenyewe, tena mbele za watu kama alivyouliza. Mimi niliondoka na lori la kabichi na zamu yangu haikuondoka, nilikuwa naifuata kila msimu. Yako nayo itakungoja. Magoti yangu bado yanapanda Mgeta, na yakishindwa, binti wa dada yangu atalima kwa kuazimwa, na wote watajua ni la nani. Mjomba wako akiniuliza utarudi lini kulishika, nitamwambia sijui, na safari hii nitalisema kwa sauti.

Nusu moja ya sumaku nimeiviringisha kwenye soksi zako za sufu, upande wa kushoto wa begi. Baba yako ameshapima, usimwambie nimeongeza uzito. Ukifika kwenye chumba cha mashine, iache nje mlangoni kama walivyosema, na ukanyage polepole. Nusu ya pili iko hapa, nimeibandika kwenye jokofu.

Ukishapata pa kulala, nipigie. Usiniulize habari za mvua. Nieleze kwa nini vilikataana, na kwa nini kimoja kilipogeuka vikashikana. Anza mwanzo kabisa, kama unamweleza mtoto. Na ukinisikia nasema "ehee, ehee" mfululizo, ujue sijaelewa kitu, naitikia tu. Nikatize, urudie.

Mama yako,
Kresensia